Tulikwenda Kumwambia Mzee Aache Mbio

Theluji niliikuta ukubwani, na kwenye ski, zile mbao ndefu za kutelezea thelujini, nilikuwa naanguka hata nikiwa nimesimama. Lakini katika miaka ya tisini, kwa majira mawili ya baridi, mimi ndiye niliyeongoza timu ya hospitali yetu ya Minneapolis katika ligi ya mbio za ski za watu wazima. Nilipewa kazi hiyo kwa sababu ya harusi. Mwenzetu mmoja wa idara yetu alikuwa anaolewa, nikaunda kamati kama tufanyavyo nyumbani, nikawafuata watu huku na huko mpaka wote wakafika ukumbini, kila mmoja na chakula alichopangiwa. Wazungu wa kazini walistaajabu. Wakasema huyu anajua kuwakusanya watu, apewe timu.

Tulikuwa tunashindana kila Alhamisi jioni, kusini mwa mji, kwenye kilima chenye taa. Kwetu Upareni, milimani, tungekiita kichuguu. Palikuwa na njia mbili za kushukia, moja ya milingoti myekundu na nyingine ya buluu, zikienda sambamba. Watu wawili wa timu tofauti walianza pamoja, kila mmoja akipinda kuifuata milingoti ya rangi yake mpaka chini. Muda wa kila mtu ulijumlishwa na wa wenzake. Na sharti la ligi lilikuwa kwamba kila timu iwe na mtu aliyevuka miaka sitini, la sivyo inaadhibiwa. Mimi nilipanga nani ashuke lini na nani ampe nani lifti, kisha nikasimama kule juu kwenye baridi nikiwaita mmoja mmoja kama mwalimu wa zamu.

Wetu aliyevuka sitini alikuwa fundi mstaafu wa eksirei, mtu mrefu, mchangamfu, aliyeanza ski kabla hajajua kusoma. Wenzake walimwita kwa jina lake la kwanza. Mimi na nesi mmoja Mkenya, jirani yangu kule Columbia Heights aliyejiunga na timu kwa ubishi tu, tulishindwa. Tukamwita Mzee. Alipoelewa maana yake alifurahi, akaanza kujiita hivyo hata mbele ya mkewe.

Majira ya baridi ya pili ndipo mambo yalipoharibika. Jioni moja Mzee alikuwa anashuka njia nyekundu, vizuri tu, mara katikati akahamia ya buluu. Kijana wa timu nyingine aliyekuwa huko alimkwepa na kuingia kwenye wavu. Watu walicheka, Mzee akasingizia taa. Alhamisi iliyofuata akarudia. Siku hiyohiyo, tukiwa tumekaa kwenye viti vinavyotupandisha kilimani, alikuwa ameniuliza habari za mama yangu. Nikamweleza kwa kirefu. Hatujafika juu, akaniuliza tena, kwa furaha ileile.

"Dada, hii si macho," Mkenya aliniambia tukirudi nyumbani. "Hii ni kichwa. Mimi nina-work na wazee wa hivi kila siku. Siku moja ata-crash na mtu, na wewe ndiye uko in charge."

Mimi in charge! Nilikwenda kwa waendesha ligi, wakasema hilo ni suala la timu. Nikaenda kwa mhasibu wetu, mama wa Eden Prairie aliyekuwa na kasi kuliko sisi wote na aliyetaka ubingwa kama mtu anayetaka maji. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema msimu umebaki kidogo, na Mzee akitoka hatuna wa kujaza nafasi yake, kwa hiyo tumwache amalize kwa heshima. Neno hilo la heshima lilinichoma, maana mimi nililitumia kwa maana nyingine kabisa.

Basi tukafanya tulichokijua. Kwetu jambo zito halisemwi kwenye simu, wala mtu mmoja haendi peke yake kumkabili mtu wa umri wa baba yake. Tulimpigia mkewe kwamba tunakuja kuwaona, tukavaa nguo za kanisani, tukanunua keki. Mkenya ndiye angekuwa msemaji, kwa sababu alikuwa ameshasimamia posa za watu wawili na zote zikajibiwa vizuri.

Alizungumza kwa ufasaha mpaka nikajivunia kuwa naye. Alianza na afya, akaja kwenye hali ya hewa, akasifu mikono ya mama mwenye nyumba. Akasema Mzee ametubeba muda mrefu. Akasema aliyebeba sana anastahili kukaa pembeni akiwatazama vijana, na vijana wenyewe wataona fahari akiwatazama. Mtu yeyote wa kwetu angekuwa ameshaelewa kabla chai haijapoa, angetushukuru, na jambo lingekwisha bila mtu kuaibika. Mzee alisikiliza macho yakimlengalenga machozi.

"Mnataka niwafundishe," alisema. "Nakubali! Nitawafundisha, na mbio nitaendelea nazo vilevile."

Alisimama akatukumbatia. Mkenya alinitazama juu ya bega lake, nami nikamtazama.

Mkewe alitusindikiza mpaka kwenye gari bila koti.

"Nilidhani mmekuja kumwambia," alisema.

"Tumemwambia, mama," Mkenya akajibu.

"Hapana. Mmemsifu." Alikuwa anatetemeka. "Mimi nimemwambia mpaka hataki kula na mimi meza moja. Nilidhani ninyi atawasikia."

Mlango wa nyumba ulikuwa bado wazi, Mzee amesimama pale akitupungia mkono. Ilikuwa hatua chache tu kurudi. Nilitaka kurudi, Mungu anajua. Nilishapanga mpaka neno la kwanza. Lakini kumwambia mtu wa umri ule, usoni pake, kwamba akili yake inamtoroka, mdomo wangu haukujua kazi hiyo. Nikaingia garini, nikafunga mkanda, nikalia kwa hasira. Hasira yenyewe sikujua nimkasirikie nani.

Tangu siku hiyo Mzee alinipigia kila asubuhi. Nikiwa kazini aliiachia mashine ya simu mipango yake: vijana wafanye mazoezi ya magoti, mhasibu aache kukimbilia mlingoti wa kwanza. Jioni nilisikiliza nikiwa bado na koti mwilini. Mara nyingine ujumbe ulikuwa uleule wa jana.

Nilichoweza ni kuwaomba waendesha ligi wamwache Mzee ashuke wa mwisho, njia ya pili ikiwa tupu. Hilo walikubali. Angalau asingemuumiza mtu.

Alhamisi iliyofuata wote walikuwa wameshashuka. Mzee alikuja kwenye mstari, akachomeka fimbo zake kwenye theluji, akaniinamia.

"Leo ni nyekundu au buluu?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nyekundu, Mzee."

"Nyekundu," akarudia, akaondoka.

Alishuka vizuri kupita kiasi, magoti laini, mabega yametulia, mpaka nikasahau kuogopa. Kisha, katikati ya kilima, akasimama. Hakuanguka. Alisimama wima baina ya njia mbili, akatazama milingoti ya huku, akatazama ya kule. Chini wakaanza kupiga kelele. "Nyekundu! Nyekundu!" Sauti ya mhasibu iliwazidi wote. Mzee aligeuza kichwa kuitafuta sauti, kama mtu aliyeitwa katika nyumba asiyoijua.

Kwenye ski nisingemfikia. Nilizivua, nikateremka na mabuti yale mazito, nikianguka, nikijiburuta kwa makalio, huku saa ya mashindano ikiendelea kumhesabia. Nilipofika karibu yake sikuwa na pumzi. Aliniona, akatabasamu, halafu tabasamu likaondoka taratibu.

"Ile siku mliyokuja nyumbani," alisema. "Mlikuja kwa ajili ya hili?"

"Ndiyo."

"Wanajua wote?"

"Wote, Mzee."

Alitazama chini, walipokuwa wamejaa na taa usoni. Wengine bado walikuwa wanataja rangi.

"Na mke wangu?"

Nilitazama mabuti yangu, kama ambavyo ningefanya mbele ya baba yangu, na safari hii alinielewa. Aliinama, akaanza kufungua ski zake.