Kipa wa Nyasi za Buluu

Harufu ya chingamu bado hunipandisha hasira. Kabla ya vita, treni ilileta chingamu mjini kwetu Kindu kutoka kusini, na ndani ya kila pakiti mlikuwa na kadi yenye picha ya mchezaji wa mpira. Vita vilipokata reli, chingamu ziliisha, chumvi ikaadimika, na sisi watoto tukabaki na kadi za zamani, tukizitazama mpaka tukazijua kuliko nyuso za majirani. Mwenye macho hasa alikuwa Saidi, yaya wangu, yaani kaka yangu aliyenitangulia kuzaliwa. Alikuwa na kadi mbili za kipa mmoja, picha ileile: katika moja fulana na nyasi ni za kijani, katika nyingine vyote ni buluu. Aliziwekea kioo cha kurunzi mbovu, kinachokuza, nikaona vitone vidogo vya rangi. “Kijani njo buluu na njano,” akaniambia, yaani kijani ndiyo buluu ikichanganywa na njano. “Kwa huyu, wino ya njano haikupita mu mashini.”

Ujanja ulikuwepo, sikatai, maana kadi ya buluu ilikuwa adimu. Watoto wa mtaa wa Mikelenge walianika kadi za kijani juu ya bati mpaka zikageuka buluu, kisha wakabadilishana na wajinga. Lakini jua halichagui. Likila njano hula na nyekundu. Soksi nyekundu za kipa aliyeanikwa hupauka. Za kipa wa Saidi, zilizokosa njano tu, zilikuwa za waridi kali, mbichi kabisa.

Mjomba, kaka yake mama, alikuwa amekimbia vita kutoka Kibombo na kuishi kwetu, akila sombe yetu ya majani ya muhogo. Siku moja, uani, mbele ya watoto wote, aliinyakua ile kadi ya buluu. “Hii jua njo imeiunguza. Mutoto huyu iko muongo.” Saidi akamwomba atazame soksi tu. Hakutazama. Alisema njia ya mwongo ni fupi, akaitia kadi mfukoni, na mama akarudi jikoni, kwa sababu kwetu kaka hajibiwi. Tangu siku hiyo watoto walimwita Saidi Mwanika-Kadi. Waliendelea kumwita hivyo hata tulipokimbilia porini, na huko porini homa ikamchukua. Alikufa akiitwa mwongo. Njia yake ndiyo iliyokuwa fupi. Ya Mjomba imekuwa ndefu, mpaka leo ana mvi na kitambi.

Juzi nilikwenda kumsalimu nyumbani kwake Mikelenge. Ukutani sebuleni, ndani ya fremu ya kioo, nilimkuta kipa wa buluu. Mjomba alikuwa akimweleza mgeni kwamba kadi kama hizi sasa zinatafutwa duniani kote. “Angalia soksi,” akasema bila haya. “Si jua. Wino ya njano haikupita mu mashini.”

Kumbe alimsikia. Siku ile alimsikia, akaelewa kila neno!

Nilisimama nikaitungua fremu. Mjomba akapiga kelele, “Unaniibia mbele ya mugeni?”

“Mjomba, mie njo mupwa wako,” nikamjibu. Kwetu, mpwa akichukua kitu nyumbani kwa mjomba wake haitwi mwizi, na mjomba hadai. Kisha nikamgeukia mgeni nikamwambia ni nani aliyeyasema maneno yale kwanza.

Treni siku hizi hufika ikijisikia kufika, na chingamu zimejaa sokoni, bila kadi. Wanangu hunitania kwamba mtu mzima nimegombania karatasi. Nawaacha wacheke. Kisha nawapa kioo cha kurunzi, nawaambia watazame soksi, na wakishaona nawafundisha jina: Saidi.