Fundi Kufuli na Shemeji Yake

Miaka hamsini na minne kamili, mtu na mvi zake, fundi kufuli alirudia ujinga wake wa ujanani: alinunua nyoka. Chatu mdogo asiye na sumu, urefu wa mkono wa mtu. Akamwita Shemeji, maana anaingia kimya, anakula, analala, wala hana habari umeme unalipwa na nani.

"Hapo unamsema kaka yangu," mkewe akamwambia.

"Kwani duniani anayelala ni kaka yako peke yake?"

Kabla ya kuoa alifuga watatu. Mtoto wa kwanza alipozaliwa akawagawa, akajitia hajali, kumbe alikwenda kulia chooni. Sasa watoto wana nyumba zao, hapa imebaki sauti ya friji tu, na mzee alitamani kitu cha kulea. Mkewe alikubali kwa shingo upande: "Siku nitakayomkuta nje ya sanduku, anahama. Sitaki kesi."

"Atatokaje? Umesahau umeolewa na nani?"

Maana sebuleni, juu ya kabati, kuna kufuli alilolitengeneza kwa mikono yake, analotambia kila mgeni: "Hili hata mimi, bila ufunguo wake, siliwezi."

Lakini wapi! Mganga hajigangi. Jumamosi asubuhi alimlisha Shemeji kwenye sanduku lake, katika kilichokuwa chumba cha watoto, akarudisha kifuniko, na kabla hajakibana simu ikaita. Mteja kajifungia nje, sufuria iko motoni. Fundi akatoka mbio na mkoba wake. Alikumbuka kifuniko akiwa amepiga magoti mbele ya mlango wa watu.

Aliporudi, chumba cha watoto kilikuwa kitupu. Nyoka hayupo, na sanduku lenyewe halipo. Basi ameshatupwa! Akaenda uani, akainamia pipa la taka mpaka mabegani.

"Unatafuta nini humo?" mkewe akauliza dirishani.

"Miwani."

"Umeivaa."

Fundi akainuka na ganda la yai begani, machozi yakimlenga. "Mama watoto, kosa ni langu. Yeye hajui kufunga mlango. Mrudishe, nakuomba."

Mkewe akaegemea dirisha. "Nilimkuta kwenye kapu la nguo chafu, kalala ndani ya suruali yako. Hana hata kinyaa, maskini. Nikambeba na suruali yake, macho nimefumba, nusura nizimie. Njoo."

Sanduku lilikuwa chumbani kwao, upande wa kitanda anaolala mama, na kifuniko kimefungwa kwa lile kufuli la sebuleni, suruali imetandikwa juu. Fundi akanyoosha mkono. Mkewe akautoa ufunguo kifuani, akamwonyesha, akaurudisha palepale.

"Nilisema atahama, amehama. Na asiyeaminika humu ndani si nyoka. Ukitaka kumwona, unabisha hodi."

Bwana aliyefungulia mji mzima milango akasimama mbele ya kazi ya mikono yake.

"Hodi, mama watoto."

"Rudi jioni," mkewe akasema, akivuta suruali ifunike sanduku vizuri. "Shemeji yako amelala."