Mkono Ndani ya Mahindi

Siku yangu ya kwanza kazini, Afisa Kilimo wa wilaya pale Kiomboi hakunionyesha meza wala kiti. Alinipeleka ghalani moja kwa moja, akasimama mbele ya gunia la mahindi, akasema, "Weka sikio."

Nikadhani ananitania. Nikainama hivyo hivyo, na humo ndani nikasikia kitu kinatafuna.

"Dumuzi huyo," akasema. "Fukusi, yule mdudu mwingine wa ghalani, ana mdomo mrefu na anakula taratibu. Dumuzi ni mdogo, kichwa kakiinamisha utadhani ana haya, kumbe hana hata chembe. Anatoboa punje, gunzi, hata mti. Ukimsikia, bibi shamba, ujue umeshachelewa."

Ndivyo alivyokuwa mzee yule, maneno machache na yote ya kuchoma. Nilimpenda tangu siku hiyo.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Misigiri. Nyie vijana wa siku hizi mnauliza kila kitu kwenye simu. Sisi tulitembea nyumba kwa nyumba. Tulifundisha watu kupukuchua mahindi badala ya kuyaweka na magunzi yake, kuyaanika juu ya turubai, kisha kupima ukavu kwa chupa: unatia punje na chumvi kavu, unatikisa, na chumvi ikiganda ubavuni unarudisha mahindi juani. Mwisho ndipo unachanganya dawa ya unga kwa koleo hadi kila punje iipate.

Mwanafunzi wangu bora alikuwa Mama Mkumbo, mjane mwenye watoto wanne. Mwaka ule ndege walimaliza mtama wake, kwa hiyo mahindi ndiyo yalikuwa chakula chao chote hadi mavuno mengine. Aliyaweka kwenye kilindo, pipa kubwa la gome la mti alilorithi kwa mama yake. Tuliyatoa tukayashughulikia vizuri, naye akaingia kukifagia kilindo mwenyewe.

Hapo ndipo nilipoharibu. Nilitakiwa kuingiza kichwa na kugonga lile gome nione kama linatoa vumbi. Lakini nililelewa na bibi Mnyiramba, mkali kweli kweli, aliyenifundisha kwamba kuchungulia akiba ya mwanamke mwenzako ni kukosa adabu. Nikabaki mlangoni.

"Mama, kisafi?"

"Kisafi, mwanangu."

Tukajaza.

Miezi michache baadaye nilimkuta amekaa mlangoni. Niliposema shikamoo aliitikia kwa shida, akanifungulia kiganja. Kilijaa unga wa mahindi, na hakuwa amesaga. Nikaingia, nikagonga gome kwa funguo, vumbi likamwagika. Dumuzi walikuwa wamejificha mle tangu msimu uliopita, na dawa ilipoanza kupungua nguvu, wakatoka.

"Nilitakiwa kuangalia siku ile," nikamwambia. "Niliona haya."

Mtoto wake wa mwisho alikuwa akituangalia, nami nililia mbele yake bila kujificha.

Nilipeleka habari Kiomboi nikisubiri barua ya kunikaripia. Afisa Kilimo alikuja mwenyewe na pikipiki, akavua koti, akachukua chekeche, akakaa chini pamoja nasi. "Tufanye kazi, kulia baadaye," akasema. Tulichekecha siku mbili. Yaliyopona yalizidi nusu kidogo, tukayaanika upya na kuyatia kwenye magunia mapya. Kilindo Mama Mkumbo alikiburuta nje na kukichoma kwa mkono wake, midomo kaibana. Mahindi yale yaliwafikisha hadi mahindi mabichi ya shambani yakafaa kuchoma, ingawa siku za mwisho walishindia uji mwepesi.

Baadaye nilihamishiwa Mitundu, na huko hakuna ghala nililoona haya kulichungulia tena. Akina mama walinisema sana, wengine waziwazi. Nikawa nacheka nao huku kichwa kiko ndani ya kihenge.

Siku ya kuniaga nilipostaafu, Mama Mkumbo alifika Kiomboi na basi, debe la mahindi kichwani, kwa ajili yangu. Nikalipokea kwa mikono miwili, nikashukuru, nikataka kulipeleka ndani.

"Hujayaangalia," akasema.

"Mama, zawadi haichunguzwi mbele za watu."

Akalifungua mwenyewe. "Adabu yako iliwalaza wanangu na njaa. Angalia."

Nikazamisha mkono hadi kwenye kiwiko, nikachota ya chini kabisa, nikayaleta kwenye mwanga na kuyageuza punje moja moja, naye akanisubiri hadi nikamaliza.