Kalamu Kabla ya Sindano

Hapa kliniki kila mtu ana jina lake la kazi. Mimi ni Karani, mlinzi ni Geti, na muuguzi wa chumba namba tatu ni Mama Kisigino, kwa sababu mwaka wa kumi na nane huu kazi yake ni kutoboa visigino vya watoto wachanga ambao mama zao wana virusi vya Ukimwi. Jina hilo nilimpa mimi. Hajalikataa, wala hajanisamehe.

Ukimwona kwa mbali utadhani ni mkali. Kwa karibu ni mkali zaidi. Kisigino anakipasha joto kwa kitambaa cha maji vuguvugu, anachoma pembeni, tone la kwanza analipangusa, kisha anajaza damu kwenye miduara mitano ya kadi nzito. Kadi inalazwa kichanjani ikauke bila kugusana na nyingine, halafu inapelekwa maabara kuu. Na kabla ya hayo yote anaandika namba ya mtoto kwenye kadi, mama yake akishuhudia. Kalamu kabla ya sindano. Wanafunzi wa uuguzi waliowahi kupindua utaratibu huo chumbani mwake wanamkumbuka hadi leo, na si kwa kumtakia heri.

Siku ya mapacha aliupindua mwenyewe, na chanzo ni mimi. Asubuhi niliazima kalamu yake, nikaenda nayo chai. Mimi na kalamu za watu, waulize wenzangu.

Mama yao ni fundi cherehani, hapa tukimwita Mama Pacha. Aligundua ana virusi mimba ikiwa ya miezi saba, akaanza dawa kwa kuchelewa, kwa hiyo hofu yake haikuwa ya bure. Mabinti walikuwa wa wiki sita: Mkubwa, aliyetangulia kwa dakika ishirini, na Mdogo. Hawakufanana hata chembe. Siku hiyo walilia wote kwa zamu na kwa pamoja, visigino vimeshapata joto, na kalamu haipo mfukoni. Mama Kisigino akatoboa kwanza. Niliporudi, kadi mbili zilikuwa zimelala kichanjani bila namba. Alininyang'anya kalamu, akasonya, akaandika.

Majibu yalikuja baada ya siku kumi. Mkubwa ana virusi, Mdogo hana.

Nilikuwepo chumbani Mama Pacha alipoambiwa, maana faili nilizipeleka mimi. Hakulia. Aliwatazama watoto mmoja baada ya mwingine, kisha akauliza.

"Tumbo moja, ziwa moja, siku moja. Kwa nini huyu na si huyu?"

Mama Kisigino akavuta kiti karibu. Hapo ndipo ukali wake huwa unaisha.

"Mwilini tuna walinzi wa kumtambua adui, na namna yao ya kumtambua tunairithi. Kila mtoto kachukua nusu kwako, nusu kwa baba yake, ila si lazima mapacha hawa wachukue nusu ileile. Sasa kirusi kimekaa kwako muda mrefu. Walinzi wako kimeshawasoma, kinajua kuwakwepa. Kikifika kwa mtoto, na ile nusu ya baba nayo ikatokea kufanana na ya kwako, kinajiona kipo nyumbani. Ikiwa tofauti, kinakutana na wageni, kinapata taabu. Si sababu pekee, mdogo wangu. Nyingine hata madaktari bado wanazitafuta."

Mama Pacha akatikisa kichwa. "Basi mmekosea. Mkubwa ni baba yake mtupu, mpaka masikio. Aliyenifanana ni Mdogo."

"Sura haina habari na haya. Walinzi hao hawaonekani usoni."

Alisema kweli, na alisema kwa upole. Lakini niliona mkono wake umeganda juu ya faili.

Mkubwa akaanzishiwa dawa za tiba mchana uleule. Mdogo akaendelea na dawa ya kinga kama kawaida, kipimo chake kinachofuata kikiwa cha miezi tisa. Mama alipotoka, Mama Kisigino alifunga mlango.

"Karani, siku ile nilianza kumtoboa nani?"

"Mimi nilikuwa chai."

"Nilimchukua aliyekuwa hanyonyi. Hilo nalikumbuka. Halafu kadi ya kwanza nikaiandika Mkubwa, kwa sababu siku zote naanza na mkubwa." Akakaa. "Sijui aliyekuwa hanyonyi alikuwa nani."

Nilielewa mara moja. Kama kadi zilipishana, mwenye virusi ni yule aliyekwenda nyumbani akiitwa mzima. Na mtoto mchanga hana muda wa kusubiri. Mtu mzima anaweza kukaa na virusi miaka kabla ya kuugua, ila kinga ya mtoto bado changa, haijajua kupigana. Wasiotibiwa, karibu nusu yao hawafikishi miaka miwili.

Sasa nitaandika nilichosema, nisije nikajisingizia wema. Nilisema, "Una hakika umekosea?"

"Sina."

"Basi funika kombe mwanaharamu apite. Mkubwa umemtoa damu ya pili leo ya kuthibitisha. Ikija kinyume, itasemwa maabara waliteleza."

"Na Mdogo?"

 Nikatapatapa. "Si kuna kile kipimo cha dakika kumi na tano? Wapime kimyakimya."

"Miaka yote hii umekaa hapa kuhesabu vigae? Kile kinasoma kingamwili, silaha za walinzi, hakisomi kirusi. Watoto hawa bado wana silaha za mama yao damuni, alizowapa tumboni. Wote wawili wangeonekana wanacho." Akavaa kandambili zake za kutokea. "Twende kwa mkuu."

"Twende na nani?"

"Basi baki."

Nilibaki kama dakika mbili, kisha nikamfuata, maana aibu nayo ina uzito wake. Mkuu wa kliniki alimsikiliza hadi mwisho bila kupandisha sauti, jambo lililonitisha kuliko kelele. Alimwambia aandike maelezo, na kwamba kuhusu kazi yake hawezi kumwahidi kitu. Mimi nikasema habari ya kalamu. Alinitazama, akasema niandike na ya kwangu.

Kesho yake asubuhi tulikwenda nyumbani kwa Mama Pacha, mimi nimebeba kisanduku cha vifaa vya kupimia. Ni chumba kimoja, cherehani dirishani, watoto wamelazwa juu ya marobota ya vitambaa. Alidhani tumekuja kumjulia hali, akatukaribisha, akaendelea kukanyaga cherehani. Mama Kisigino alisimama akaeleza yote. Hakumtaja mtu mwingine, hata kalamu hakuitaja. Cherehani ilisimama katikati ya mshono.

"Kwa hiyo hamjui."

"Hatujui."

"Jana nimeshinda namlilia huyu, namshukuru Mungu kwa huyu. Na hamjui."

"Hatujui, mdogo wangu."

"Toka kwangu."

Tukageuka. Tukiwa mlangoni akasema, "Subiri. Wapime kwanza, halafu mtoke."

Safari hii namba aliziandika mama mwenyewe, kwa mkono wake, kadi ya Mkubwa ikaisha kabla ya Mdogo kuguswa.  

Mkuu aliamua Mkubwa aendelee na dawa na Mdogo abaki kama alivyo, kwa kuwa mtoto hapewi tiba kwa kukisia. Basi tukangoja. Mama Kisigino aliendelea kutoboa visigino, kila mara akimtamkia mama namba mara tatu, hadi akina mama wakaanza kumwonea huruma. Chakula chake cha mchana alikuwa anampa Geti. Nami nilinunua kalamu kumi nikaziweka mezani kwake, akazirudisha zote. Usiku nilikuwa nalala vizuri, na hilo ndilo lililonichukiza juu ya nafsi yangu.

Siku ya kumi ujumbe wa maabara ulifika kwenye kompyuta yangu. Nilisoma mara mbili. Mkubwa hana, kwenye kadi zote mbili, hii na ile ya kuthibitisha. Mdogo anavyo.

Nilitaka kumwambia kwa maneno, sikuweza, nikageuza kioo akasoma. Aliinuka akampigia Mama Pacha simu yeye mwenyewe, akamwambia aje na watoto wote sasa hivi.

Alikuja na mmoja mgongoni, mwingine kifuani. Mkuu alikuwepo, pamoja na muuguzi kijana wa kumhudumia, kwa sababu tulidhani hatataka kumwona aliyekosea. Mama Pacha alisikiliza. Kisha akasema, bila kumtazama mtu, "Si niliwaambia. Aliyenifanana ni Mdogo."

Mama Kisigino alifungua mdomo, nikajua anataka kusema sura haina habari na haya, ni bahati tu imelingana. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akanyamaza.

"Siku kumi na moja bila tiba," mama akasema.

"Ndiyo."

"Bila wewe kusema zingekuwa ngapi?"

"Hadi miezi tisa. Au hadi augue."

Muuguzi kijana alinyoosha mikono kumpokea mtoto. Mama Pacha akampita. Alimfungua Mdogo kifuani, akamweka mikononi mwa Mama Kisigino.

"Sijakusamehe," akamwambia. "Mpe dawa."

Mama Kisigino alivuta dawa kwa bomba dogo lisilo na sindano, akaipitisha polepole kwenye kona ya mdomo wa mtoto. Mdogo akakunja uso, akaitema karibu yote kwenye koti jeupe la muuguzi. Mama Kisigino akaifuta kwa mgongo wa mkono, akavuta nyingine, akaanza upya.