Dume Tumboni mwa Korongo

Mtaani wanamwita Mama Minyoo, naye huitika bila kinyongo. Wifi yake, anayeishi naye, hapokei hata kijiko kutoka kwake kabla ya kuuliza, "Wifi, umenawa lakini?"

"Nimenawa mara tatu. Wewe je?"

Basi hucheka wote wawili, wakala.

Kwa miaka ishirini na miwili amekuwa fundi wa maabara ya ndege wa porini. Ndege aliyekufa akiletwa, yeye ndiye humpasua, akawaosha minyoo waliomo tumboni mwake na kuwamwagia maji ya moto ili wafe wamenyooka, maana mnyoo akifia kwenye baridi hujikunja, hapimiki. Kisha daktari huwatazama, huwapa jina, hutia sahihi. Jasho lake, sahihi ya mwenzake. Nikisema hakuumia nitakuwa mwongo.

Jumatatu moja korongo aliyeletwa alitolewa minyoo arobaini. Daktari, kijana mwenye adabu ila mwenye pupa, alichungulia mmoja kwa darubini, akaandika barua ya majibu yenye jina la mnyoo wa kawaida.

"Samahani, Daktari. Huyu ana mikunjo shingoni. Yule wa kawaida hana."

"Umepata dume, Mama?"

Hapo alimbana. Majike wa minyoo hawa hufanana mno. Mkia wa dume ndio unaokata shauri.

"Bado. Nipe muda kidogo."

"Saa sita barua inaondoka. Na jina likishakwenda, limekwenda."

Akaketi, akawageuza mmoja mmoja kwa sindano. Chai ikapoa. Wa thelathini, jike. Wa arobaini, jike.

"Nyie wote mmeolewa na nani?" akawafokea.

Lakini mtafutaji hachoki, akichoka keshapata. Alilirudia tumbo lenyewe, akafunua kila kunjo la ngozi yake. Saa sita kasorobo akamwona dume: kadogo, kembamba kama ukope, na mkiani vijiti viwili, kimoja kirefu, kingine kifupi. Mnyoo wa kawaida vyake hulingana.

"Daktari! Njoo umwone bwana harusi!"

Daktari aliinama kwenye darubini, akavitazama vile vijiti. Akaichana barua, akaandika nyingine, akamsogezea pamoja na kalamu. Palipoandikwa "Ametambuliwa na" palikuwa patupu.

"Niandike jina lako?"

"Andika lako, Mama. Mimi nilikosea."

Akaandika polepole majina yake yote matatu, hadi la babu yake. Herufi zilipinda, lakini zilisomeka.