Vinundu vya Visigino vya Ukoo Wetu

Ndugu zangu, naitwa Makame. Nitasema polepole, pumzi bado si nyingi.

Nilikuwa mtu wa kubeba. Miaka minane nimenunua viatu hapa ugenini kwa Wachina, soko la Liuhua, nafunga furushi mwenyewe na kulipeleka kwa wakala, kwenye jengo la Tianxiu, alisafirishe Unguja. Nilikuwa na miaka thelathini na tisa, sijawahi kulazwa.

Asubuhi moja, kwenye ngazi za soko, kifua kilinibana kama mtu amenikalia. Mkono wa kushoto ukafa ganzi. Nikatapika, nikajikojolea mbele za watu. Mwenye duka alikuwa akiniita "Laoban! Laoban!", yaani bosi kwa Kichina, nami namsikia kwa mbali.

Hospitali wakanizibua mshipa wa moyo. Siku ya tatu daktari, mama wa makamo, akafunua shuka na kunishika visigino. Nyuma ya visigino nina vinundu vigumu. Asha, binti wa Kitanzania anayesomea udaktari hapa, alikuwa akitafsiri.

"Nani mwengine kwenu anavyo?" daktari akauliza.

"Baba alikuwa navyo. Ami zangu wawili. Kaka yangu Hamadi. Kwetu ni alama ya ukoo."

"Wako wapi?"

"Kaka yupo. Wengine walianguka wakafa kabla ya miaka hamsini."

Asha akatafsiri, daktari akaeleza.

Kumbe vile vinundu ni mafuta. Miili yetu inashindwa kuyaondoa kwenye damu tangu tunazaliwa, hata ukiwa mwembamba kama mimi, na ndiyo yanayoziba mishipa ya moyo. Nikamweleza kwamba kisiwa chetu ni kidogo, tunaoana wenyewe kwa wenyewe tangu mababu. Akasema wako wataalamu wanaochunguza jamii kama yetu, zilizokaa peke yao, kwa sababu kasoro ya babu mmoja hubaki humohumo ikaenea. Akataka ndugu zangu wa damu wapimwe, wakiridhia.

Nikampigia Hamadi.

"Damu yetu wanaitakia nini? Sisi panya?" Akakata simu.

Nilipiga tena kesho yake, na kesho kutwa. Kukaa kitandani tu kulinichosha. Mwisho nikamwambia, "Kaka, sina nguvu za kukuzika."

Wiki ile akavuka kwenda Unguja kupimwa. Mishipa yake miwili ya moyo ilikuwa karibu kuziba, wakamtibu. Wataalamu wa nyumbani walipofika kisiwani baadaye, yeye ndiye aliyetangulia kunyoosha mkono atolewe damu.

Binti yangu Zuhura, miaka kumi, naye alipimwa, maradhi anayo pia. Mama alipopata habari akanipigia. "Makame, ndio sisi tuliokupeni maradhi haya?"

Nikamjibu, "Mama, mlitupa kila mlichokuwa nacho."

Akalia. Na mimi nikalia.

Namshukuru Mungu, na yule daktari aliyejali kutazama miguu ya mgonjwa wa moyo, na Asha. Kama kwenu watu wanaanguka mapema, msiishie kusema siku zao zilifika. Ulizeni walikuwa na nini, mpimwe, na watoto wenu wapimwe. Dawa ni kila siku, maisha yote. Zimenichosha. Nazimeza.