Jina la Nani Litakuwa Juu

Ndugu wananchi, kwa masikitiko ya wapenda maendeleo wote na furaha ya kila mwenye suruali inayohitaji kupunguzwa, inatangazwa rasmi kwamba mlezi mkuu wa mkwamo wa kisiasa katika mji huu si chama chochote. Ni shangazi yangu, fundi cherehani, mwanamke mnene mwenye pini mdomoni na maneno mengi nyuma ya pini.

Chumba chake kiko katikati ya safu ya vyumba vya halmashauri, nyuma ya ukumbi wa madiwani. Hapo ndipo alipoweka cherehani yake alipofiwa na mume, na wanawe walikulia chini ya meza ya kukatia, wakicheza na vipande vya nguo. Tangu enzi hizo madiwani wa upande mmoja wanataka safu ile ibomolewe, pawe maegesho ya magari. Wa upande wa pili wanataka ibomolewe, pawe bustani yenye chemchemi. Kwa kuwa kila upande una nusu ya viti, na uko radhi kung'olewa jino kuliko kuukubalia upande mwingine, hakuna kilichobomolewa. Magazeti huiita hali hiyo aibu. Shangazi huiita paa.

Na kampeni anazipenda kama wengine wanavyopenda mpira. Hakosi mkutano. Jirani yake, fundi viatu, mtu mpole anayeona haya kwa niaba ya watu wengine, alimuuliza siku moja kama hachoki kusikiliza watu wazima wakitukanana.

"Nichoke nini? Tulijuaje kuwa choo cha sokoni kimejengwa bila shimo? Si walitukanana? Mmoja akasema ya mwenzake, mwenzake akasema yake, na mimi nikapata yote bure. Watu wanaogombea kiti kimoja wakianza kusifiana, mimi nashika mkoba wangu, najua naibiwa."

"Bado ni aibu, dada."

"Aibu yao. Habari yangu."

Mwaka huu wakaja watu wa warsha. Wakawafungia madiwani hotelini, wakawalisha vizuri, wakawafundisha siasa za kistaarabu. Madiwani wakatoka huko wakiitana ndugu. Mkuu wa upande wa maegesho, ambaye kwa sauti yake tunamwita Honi, na mkuu wa upande wa bustani, Miwani, wakaitisha mkutano wa pamoja ukumbini kutangaza habari njema: nusu maegesho, nusu bustani. Kura ipigwe palepale, mbele ya wananchi, na tingatinga lije wiki inayofuata.

Ukumbi ukapiga makofi. Fundi viatu naye akapiga, kwa mazoea, kisha akaviangalia viganja vyake kama vya mtu mwingine. Shangazi hakupiga. Nilimwona akiizungusha kidoleni kanda yake ya kupimia, anaifungua, anaizungusha tena. Mwishowe akanyoosha mkono.

"Waheshimiwa wanangu, hongereni. Mimi mtu mzima, nimefurahi kuwaona mmepatana. Nina kaswali kadogo tu. Lile jiwe la uzinduzi litakaa wapi?"

"Getini, mama," Honi akasema.

"Litaandikwa jina la nani?"

"Majina yetu sote wawili," Miwani akajibu, akamshika Honi bega. Makofi tena.

"Vizuri sana. La nani litakuwa juu?"

Mkono wa Miwani ukabaki begani, lakini raha ilikuwa imeutoka.

"Kwa umri, nadhani," akaanza.

"Umri?" Honi akacheka. "Ndugu yangu, kwani wazo hili la nani?"

"La kumwaga lami au la kupanda miti?"

"Miti ipi? Ile ya kununuliwa kwenye kitalu cha mkeo?"

"Afadhali mke wangu. Lami yako anamwaga shemeji yako, na mkataba mlisaini hata hotelini hatujaenda."

Ukumbi mzima ukasimama. Watu wa warsha wakatuomba tuvute pumzi kwa pamoja; hakuna aliyevuta. Mmoja wao akaondoka na kipaza sauti, mwingine akaondoka na waya wake, na hatukukosa neno hata moja. Mwenyekiti akaahirisha kikao bila kura, mpaka tarehe itakayotangazwa. Katika mji huu, tarehe ya namna hiyo huishi miaka mingi.

Asubuhi yake safu yote ilikuwa wazi. Magari ya kampeni yakapita, moja likitukana kuhusu lami na lingine kuhusu miti, na fundi viatu akatoka nje kusikiliza, eti kwa ajili ya habari tu. Mimi nikaenda kusimama mlangoni kwa shangazi na hotuba yangu: kwamba mkwamo ni breki, na wanaoulaani hawajawahi kukaa mbele ya tingatinga, kwamba matusi ya jukwaani ndiyo ukaguzi wa hesabu pekee tunaoalikwa kuuona, kwamba yeye, peke yake, ameitetea demokrasia.

Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akatoa pini mdomoni.

"Nimetetea chumba," akasema. "Sogea, unaniziba mwanga."